Marehemu Mina Swanson na Nyumba Zake Kumi na Moja

Jumapili tarehe 23 Januari 1938 theluji ilianguka Caithness tangu alfajiri, na upepo wa kaskazini ukaiziba barabara ya Achvarrick. Mkunga alipofika, mtoto alikwisha kuzaliwa, amefungwa blanketi, na analia kwa hasira. Huyo ndiye Wilhelmina, tuliyemwita Mina, mtoto wa tatu wa Mzee Angus Bain na mkewe Henrietta. Sisi tuliomfahamu baadaye hatukushangaa kusikia kwamba hakumsubiri mtu.

Alisoma shule ya msingi hapa Achvarrick, kisha sekondari ya Wick hadi mwaka 1954. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ana akili nyingi na hakubali kukosolewa. Ripoti hiyo aliihifadhi maisha yake yote na kuwaonyesha wageni, akiamini ni sifa mbili.

Alianza kazi katika ofisi ya simu ya Wick, na mwaka 1966 akapewa posta ya kijiji chetu, aliyoisimamia kwa miaka thelathini na miwili. Alipenda kanuni. Bahasha iliyokosewa anwani aliirudisha hata kama mwandikiwa alikuwa amesimama mbele yake. Tarehe 7 Aprili 1962 alifunga ndoa na Hector Swanson, fundi wa mashine za shamba, mtu mpole kupita kiasi, na ilibidi awe hivyo. Walijaliwa binti mmoja, Rhoda. Hector alitutoka mwaka 2003.

Mwaka 1979 marehemu aliwekwa wakfu kuwa mzee wa kanisa, akakabidhiwa mtaa wa nyumba kumi na moja kwenye barabara ya juu. Kazi ya mzee wetu wa kanisa inajulikana: kila Meza ya Bwana inapokaribia, mara nne kwa mwaka, anapita nyumba kwa nyumba na kumkabidhi kila mshirika kadi yake ya mwaliko mkononi. Nyumba ya mwisho ilikuwa shamba la Toftgill, kwa Walter Budge na mkewe Effie.

Yanayofuata marehemu aliniagiza mimi, mpwa wake, niyasome mbele yenu bila kuyapunguza. Nilimwomba tuyaache. Alisema, "Magnus, ukinipaka asali nitaamka palepale nikusahihishe."

Mwaka 1991 kikundi cha ngoma na kikundi cha maombi vilikutana katika ukumbi wa kanisa jioni moja, na hakuna kilichokubali kutoka. Baraza la wazee likamwomba marehemu atunge kanuni na atunze funguo. Akatunga: ombi la ukumbi liandikwe kwenye fomu siku saba kabla, bila ubaguzi. Jumanne tarehe 18 Januari 1994 Effie Budge alifariki ghafla. Kesho yake asubuhi Walter alifika posta, theluji imejaa mabegani.

"Mina, nataka ukumbi Ijumaa. Chai ya maziko."

"Pole sana, Walter. Pole sana. Lakini leo ni Jumatano. Kanuni inasema siku saba."

"Effie hakunipa notisi ya siku saba."

"Jaza fomu basi, nitaipeleka barazani."

Baraza lilikuwa linakutana Jumatatu. Kwa hiyo Ijumaa, baada ya maziko, tulikunywa chai katika banda la kukatia kondoo manyoya kule Toftgill, tumesimama, tumevaa glavu, mvuke wa vikombe ukiganda kwenye ndevu. Marehemu alikuwepo. Aliporudi alipita ukumbini akachungulia dirishani. Miaka mingi baadaye aliniambia, "Ulikuwa mtupu, Magnus. Mtupu kabisa. Na mtambo wa kupasha joto unawaka."

Walter hakukanyaga tena kanisani. Jumapili iliyofuata maziko marehemu alipanda Toftgill kumwomba radhi, na mlango ukafungwa kabla hajamaliza kutaja jina lake. Katika kikao cha baraza alisimama akataka iandikwe kwamba kosa ni lake. Baraza, kwa busara yake, liliunda kamati ndogo ya watu watatu kuchunguza kanuni. Kamati ilifanya kazi miezi kumi na minne na kupendekeza siku tano.

Hapo ndipo uvumilivu wa marehemu kwa kanuni ulipokwisha, na wetu kwake ukaanza kujaribiwa. Tangu mwaka 1995, kila Novemba hadi mwisho wa Machi, ukumbi ulikuwa wazi kila siku, kuanzia saa moja asubuhi, kwa yeyote mwenye baridi. Kila Jumatano palikuwa na supu ya shayiri na karoti. Walikuja wajane ambao nyumba zao hazipati joto, walikuja madereva wa malori waliokwama kwenye theluji, walikuja vijana wanaojenga minara ya umeme wa upepo, na alikuja mtu mmoja wa Thurso ambaye hadi leo hatujui alikuwa nani ila alikula majira manne ya baridi. Hakuna aliyeulizwa ni wa dhehebu gani. Mara tatu baraza liliamua ukumbi ufungwe. Mara tatu marehemu alipiga kura ya kupinga, akasema kwa adabu, "Katibu, andika kwamba nimepinga," na asubuhi yake mlango ulikuwa wazi. Tulibadilisha kufuli mwaka 2001. Fundi wa kufuli alikuwa mmoja wa wanywaji supu. Sitaki kusema zaidi.

Na kila Meza ya Bwana alipeleka kadi Toftgill. Mimi ndiye katibu wa baraza, na ndiye mtunza daftari la washirika. Utaratibu wetu ni kwamba mtu asipofika Mezani miaka mitatu, jina lake huondolewa. Kila Januari tulikuwa na mazungumzo yale yale jikoni kwake.

"Shangazi, Walter Budge nimtoe?"

"Umemuuliza yeye?"

"Hafungui mlango."

"Basi hajasema atolewe. Kunywa chai yako."

"Shangazi, ni miaka ishirini!"

"Unajua kuhesabu, mwanangu. Ndiyo maana tulikupa daftari."

Nilimshauri atumie posta, yeye aliyekuwa bibi wa posta. Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Kadi ya Meza ya Bwana si bili ya umeme." Kwa kumbukumbu zangu alipanda Toftgill mara tisini na tisa kabla ya safari ya mwisho, mara moja akiwa na magongo mawili baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Mara zote kadi aliiacha chini ya mlango, na mara zote ilirudishwa, bila neno, katika sanduku la sadaka lililo nje, langoni mwa kanisa.

Oktoba 2018 daktari alisema moyo wake umechoka na lazima alazwe mara moja. Marehemu alimshukuru, akamweleza kwamba kadi za Desemba hazijagawiwa. Daktari alinipigia simu. Mchungaji alikwenda kumsihi, akarudi na bakuli la supu. Rhoda alipiga simu kutoka Saskatoon akalia, naye akaambiwa asilie kwa simu ya nje, ni ghali. Sote tulikuwa tumechoka naye, na tulikuwa na hofu, na hatukujua ipi ni ipi.

Hatimaye alilazwa, na huko hospitali ya mjini alifariki Alhamisi tarehe 10 Januari 2019, saa kumi na dakika kumi alasiri, Rhoda akiwa amemshika mkono. Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili, Iona na Fergus, mdogo wake Catriona, mpwa wake ambaye ndiye msomaji, na nyumba kumi na moja za barabara ya juu.

Limebaki jambo moja, la siku alipomaliza kugawa kadi.

Alhamisi tarehe 29 Novemba barabara ya juu ilikuwa barafu tupu. Marehemu alitaka kwenda kwa miguu. Tuligombana, nikashinda, jambo ambalo halikuwa kawaida, na nikampeleka kwa gari. Pale Toftgill aliniamuru nibaki ndani. Nilibaki, dirisha nimelishusha inchi mbili. Alichukua muda mrefu kufika mlangoni, akishika ukuta. Safari hii hakuinama kuacha kadi. Sidhani kama angeweza kuinuka tena. Alisimama tu, anahema. Mlango ukafunguliwa.

"Mina, unataka kufia mlangoni kwangu?"

"Mpaka nijaze fomu kwanza."

Walter hakucheka. "Wewe huchoki?"

"Nimechoka, Walter. Nimechoka sana. Siku ile nilikuwa na funguo za ukumbi mfukoni, pale pale kaunta. Nilijua nakosea kabla hujafika mlangoni, nikakuacha uende. Hilo ndilo nililokuja kusema miaka yote hii, na wewe unafunga."

Upepo ulikuwa mkali, na shangazi hana hata skafu.

"Effie angekucheka," Walter alisema mwishowe. "Angecheka mpaka akae chini. Ingia, unaniingizia baridi. Na yule mpwa wako mwambie apandishe kioo, ameshasikia vya kutosha."

Alikaa ndani dakika hamsini. Sijui walizungumza nini. Alipotoka mikono ilikuwa mitupu. Alikaa kwenye gari, akafunga mkanda, akasema, "Sasa nipelekeni huko hospitali kwenu."

"Sasa hivi?"

"Kesho. Leo kuna masufuria ya kuosha."

Asubuhi iliyofuata nilifika saa mbili, nimejiandaa kwa ubishi. Nilimkuta langoni, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mkononi. Aliingia garini bila kunisahihisha lolote. Kabla hatujapita kanisa alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kama mtoto, na alilala hivyo safari nzima. Sikuthubutu kuwasha redio. Bwana na amjalie usingizi kama ule, na asitokee mtu wa kumwamsha.