Fiachra Driscoll, Mtu Aliyenyimwa Neno

Ndugu waombolezaji, mliosogea kaburini nanyi mliobaki barabarani, familia imenituma niwasomee maisha ya Fiachra Driscoll, bila kuficha kitu, kwani hapa Rathgarve hakuna asiyeyajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1838 hapahapa Rathgarve, jimbo la Cork, mtoto wa mwisho wa Tadhg na Méabh Driscoll, na mwaka 1847, viazi vilipooza mashambani na njaa ikaingia, akawazika wazazi wote wawili. Alisomeshwa na mwalimu aliyefundishia bandani mwa ng'ombe, kisha akajifunza ushonaji mjini Skibbereen, akawa fundi ambaye makoti yake yalivaliwa harusini na mazikoni.

Mwaka 1861 alikula kiapo cha Wafeniani, waliotaka kuung'oa utawala wa Waingereza nchini mwetu kwa silaha, chini ya kapteni wao Donncha Cotter, na tarehe 9 Februari 1864 akamwoa Gobnait, dada yake Donncha, wakajaliwa binti mmoja, Nóirín.

Septemba 1865 polisi walimkuta na risasi ndani ya bitana ya koti, na ofisa mmoja akamwambia, "Chagua, fundi: kitanzi, au uwe sikio letu." Alichagua kuishi. Tangu hapo alikaa nao mikutanoni, akala nao, akacheka nao, akapeleka habari zao, na kama alivyosema mwenyewe baadaye, kila aliyemkumbatia alikuwa akimkumbatia mtu mwingine.

Mei 1867, maasi ya Wafeniani yakiwa yameshindwa, alisimama mahakamani mjini Cork akatoa ushahidi dhidi ya shemeji yake. Gobnait alimngoja mlangoni na mtoto kifuani. "Umekula mkate wa mama yangu, Fiachra! Usiniite mke tena." Donncha alihukumiwa miaka kumi ya kazi ngumu, naye kabla ya kushushwa kizimbani aliwageukia wenzake: "Asiguswe mtu huyu. Wala asisemeshwe."

Amri ikashikwa. Serikali ilitaka kumhamishia Uingereza, akakataa, akitumaini kumwona binti yake akipita njiani. Hakuletewa hata kifungo cha kushona, dukani alionyesha kwa kidole, jioni alizungumza na punda wake, na Gobnait alipofariki mwaka 1889 aliisikia kengele ya kanisa, asiwepo wa kumwambia inamlilia nani.

Novemba 1897 alishikwa na kifua, na Donncha, aliyeachiliwa mapema kwa sharti la kuhamia Marekani na sasa amerudi, akausukuma mlango wake.

"Moto wako umezimika, shemeji."

Marehemu alijiinua kwa kiwiko. Donncha akawasha moto, akaketi.

"Mimi walinipa kumi, nikatumikia minne. Wewe nilikupa kifungo cha maisha."

"Nilistahili."

"Labda. Ila nimechoka kuwa hakimu. Hebu sema nami, bwana wee."

Walizungumza majira yote ya baridi, na Nóirín naye akaja, akaketi miguuni pa kitanda, akamwita baba. Marehemu aliaga dunia mchana wa tarehe 2 Februari 1898, mkono wake ukiwa mkononi mwa Donncha.

Tunamshukuru daktari Heffernan, jirani Bríd Looney aliyeleta maziwa kila asubuhi, mafundi wa Skibbereen walioshona sanda, na waliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda.

Mwenye neno la kumwambia, na aliseme sasa, kabla udongo haujarudi.

Fiachra, ndugu yetu, pumzika kwa amani.