Lynette Moraa Simiyu, Muuguzi wa Mahujaji wa Kashi na Rameswaram

Marehemu Lynette Moraa Simiyu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 1969, katika hospitali ya misheni ya Tabaka, Kisii, nchini Kenya. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Nyang'au Ondieki, mchongaji wa mawe ya sabuni, na Mama Kerubo. Walimfuata wadogo watano, na mimi Nyaboke, ninayesoma wasifu huu, ndiye wa mwisho. Moraa ndiye aliyenibeba mgongoni. Mama husema uuguzi wake ulianza akiwa na miaka saba, siku baba alipojikata kidole kwa patasi. Moraa alikifunga kwa utepe wa nywele zake, kisha akamkataza kurudi kazini hadi kesho yake. Baba alitii.

Alisoma shule ya msingi pale pale Tabaka, akamaliza darasa la saba mwaka 1983. Sekondari alisoma Nyamira kuanzia 1984 hadi 1987. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha uuguzi Kisumu, akahitimu 1991, na kituo chake cha kwanza kikawa wodi ya wanaume, Bungoma.

Humo wodini ndimo alimokutana na Patroba Simiyu, mwalimu wa hesabu aliyelazwa kwa malaria kali. Siku ya pili Mwalimu alitoroka kitandani ili akasimamie mtihani. Moraa alimfuata hadi getini, chupa ya dripu mkononi. "Mwalimu," alimwambia, "ukianguka njiani, mimi ndiye nitakayeulizwa." Mwalimu akarudi kitandani. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994, Bungoma.

Januari 1998 walikuja Johannesburg, Mwalimu akiwa amepata nafasi ya masomo ya juu, na baadaye kazi ya kufundisha chuo kikuu. Walikaa kwanza katika fleti ya Joubert Park, kisha wakahamia Turffontein. Mimi niliwafuata baadaye. Mungu aliwapa watoto wawili: Elkana, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1999, na Nafula, aliyezaliwa 2004. Vyeti vya Moraa vilichukua miaka kutambuliwa katika nchi hii. Muda wote huo aliwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao. Alipopata usajili mwaka 2006, aliajiriwa na makao ya wazee kule Lenasia, na wengi wa wazee wake walikuwa Wahindi, wajukuu wa watu waliokuja kulima miwa Natal. Walimwita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa hapa.

Mwaka 2011 alikabidhiwa Bwana Pillay, aliyekuwa mgonjwa wa figo. Alimhudumia hadi alipofariki mwaka 2014. Mwili ulichomwa kwa desturi ya dini yao, na mjane wake, Bi Saroja Pillay, akabaki na majivu na nia moja: kuyafikisha Kashi, mji ambao kwenye ramani huitwa Varanasi, na kuyatia katika mto Ganga. Bi Saroja alikuwa na moyo dhaifu na magoti yasiyokunjika. Daktari alisema asisafiri bila muuguzi.

"Nitakwenda na Sista," Bi Saroja aliwaambia watoto wake, "au sitakwenda."

Walisafiri Februari 2015. Moraa alinisimulia vichochoro vya Kashi, vyembamba kiasi kwamba kiti cha magurudumu kilikwama kati ya ng'ombe na ukuta, ikabidi vijana wanne wakibebe na mama ndani yake. Alinisimulia ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, na mahali pa kuchomea maiti ambapo moshi haukatiki mchana kutwa. "Nyaboke," aliniambia, "pale kifo hakifichwi. Watu wanakunywa chai hatua chache kutoka motoni." Bi Saroja alipoinama juu ya ukingo wa mashua kumimina majivu ya mumewe, Moraa alimshika kiuno kwa mikono miwili, asimfuate.

Siku hiyo Bi Saroja alijaza maji ya Ganga katika chungu kidogo cha shaba, kikazibwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Waumini wao husema safari ya Kashi haijakamilika mpaka maji hayo yafikishwe Rameswaram, kisiwa cha kusini kabisa mwa India, na kumwagwa mbele ya mungu wao katika hekalu la huko. Moyo wa Bi Saroja haukuruhusu safari mbili kwa mpigo. Chungu kikaja Lenasia kungoja.

Sifa za Moraa zilienea. Mwaka 2016 aliwasindikiza wazee wengine hadi Puri na Tirupati, miji mingine ya mahekalu huko India. Hapa kuna jambo ambalo familia inataka lieleweke, kwa sababu limesemwa vibaya kwa miaka mitatu. Hekalu la Puri haliruhusu asiye wa dini yao kuvuka lango, na mengine humruhusu ukumbini lakini si mbele ya madhabahu. Moraa aliwafikisha wazee wake mlangoni, akawakabidhi kwa wahudumu wa hekalu pamoja na maelezo ya dawa zao, akabaki nje akilinda viatu. Mchungaji wa kanisa letu wa wakati huo alimwita ofisini.

"Mama Elkana, umekanyaga nyumba za sanamu."

"Mchungaji, nimekanyaga vizingiti," alijibu. "Ndani nimekatazwa."

Agosti 2017 alimpeleka Bi Saroja Rameswaram. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 19, waliingia kwenye ua wa hekalu wenye visima, ambako mwanamume mwenye ndoo huwamwagia mahujaji maji, kisima baada ya kisima. Moraa alijaribu kumweleza kwamba yeye ni muuguzi tu. Yule bwana hakuelewa, au hakujali, akamlowesha kuanzia kichwani na saa yake ya kazini ikiwa kifuani. Bi Saroja alicheka hadi akaomba dawa ya moyo. Kisha hekalu lilifungwa kwa mchana, nao wakarudi kwenye nyumba ya wageni kubadilisha nguo na kungoja saa tisa, milango itakapofunguliwa tena, ndipo Bi Saroja apeleke maji ya Ganga mbele.

Simu haziruhusiwi ndani ya hekalu hilo, na ya Moraa ilikuwa imebaki chumbani. Alikuta Mwalimu Simiyu amepiga mara nyingi. Akampigia.

"Elkana amepigwa risasi."

"Yuko hospitali gani?"

"Hayuko hospitali."

Elkana alikuwa ametoka nyumbani asubuhi hiyo kununua mkate na maziwa kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Akirudi, karibu na uwanja wa mbio za farasi, vijana wawili walimsimamisha kwenye robot, yaani taa za barabarani, na kutaka simu yake. Aliwapa. Walimpiga risasi hata hivyo. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Mwalimu ameniruhusu kusoma maneno aliyomwambia mkewe baada ya hapo, kwa sababu anataka mliosikia nusu msikie yote. Alisema, "Mwanao anakufa, wewe uko kwenye mahekalu ya watu."

Moraa alimweleza Bi Saroja kilichotokea, akasema atamtafutia muuguzi wa pale ili yeye aondoke. Bi Saroja, nywele zake zikiwa bado zinachuruzika, alimwambia, "Funga mizigo. Tunarudi sote."

"Mama, milango inafunguliwa saa tisa. Hujafikisha maji."

"Maji yatangoja. Mtoto hangoji."

Wakachukua gari hadi Madurai, na kutoka huko ndege. Mama yule aliyengoja siku hiyo tangu amwage majivu ya mumewe aliligeuzia hekalu mgongo, mlango ukiwa umebakiza saa mbili kufunguliwa. Njia nzima alimshika Moraa mkono.

Elkana alizikwa Jumamosi, tarehe 26 Agosti 2017, hapa hapa katika makaburi ya Westpark. Ndugu wa Bungoma walitaka apelekwe nyumbani, Mwalimu akakataa, akisema mtoto alizaliwa Johannesburg na hakuwa na nyumba nyingine. Kwenye matanga, mzee mmoja wa kanisa, Mzee Firmin, alisimama akasema Mungu ameongea, na mwenye masikio amsikie. Kila mtu alijua anamsema nani. Moraa alikuwa amekaa chini, kwenye godoro, kitenge begani.

Aliyejibu ni Denise, fundi cherehani wa Joubert Park, Mkongomani, rafiki yake tangu siku za fleti. "Mzee," alisema, "kama Mungu ana palabre, ana maneno, na mama, angeita mama yeye mwenyewe. Mutoto alienda kununua mukate." Mzee Firmin akakaa.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Oktoba Moraa aliondolewa katika uongozi wa umoja wa akina mama. Nyumbani, Mwalimu alihamia chumba cha Elkana. Waliongea kuhusu shule ya Nafula na bomba linalovuja, basi. Moraa alirudi kazini. Niliwahi kumuuliza anavumiliaje, akaniambia, "Wagonjwa wanataka dawa saa mbili. Nikishawapa, inakuwa saa tatu."

Desemba mwaka huo alipapasa kivimbe katika titi la kushoto. Muuguzi wa miaka ishirini na sita alijua vizuri alichokishika. Hakumwambia mtu. Januari alitangaza kwamba Februari 2018 atampeleka Bi Saroja Rameswaram kwa mara ya pili.

Wazee wa kanisa walimwita. Mwalimu alikuwepo, na mimi nilikuwepo. Mchungaji alimwambia akienda tena, asirudi kushika nafasi yoyote kanisani. Moraa alisikiliza hadi mwisho.

"Mgonjwa wangu aliacha safari yake kwa ajili ya mtoto wangu," alisema. "Nitamrudisha amalize. Mkitaka kunitenga, nitengeni."

Mwalimu hakumpeleka uwanja wa ndege. Nilimpeleka mimi.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Bi Saroja mwenyewe. Moraa alisukuma kiti chake katika ukumbi mrefu wa nguzo za mawe zilizopakwa rangi, nguzo ambazo ukizitazama huoni mwisho wake, akafika mahali asiporuhusiwa kupita, akamkabidhi kwa mhudumu. Bi Saroja akaingia na chungu chake. Kuhani alikifungua, maji ya Ganga yakamwagwa. Alipotoka nje, alimwambia Moraa kwamba kando ya bahari kuna makuhani wanaowaombea wafu kwa ufuta na wali, na kwamba wangeweza kulitaja jina la Elkana.

"Hapana, Mama," Moraa alisema. "Mwanangu alizikwa Kikristo. Tumwache alale."

Bi Saroja alikubali. Walikaa pamoja ufukweni, mahujaji wakiingia majini na kutoka. Hapo Moraa akalia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa hata kaburini. Watu waligeuka kutazama. "Sikumgusa," Bi Saroja aliniambia. "Nilishika viatu vyake tu, bahari isivichukue."

Aprili 2018 alikwenda kupimwa. Saratani ya titi ilikuwa imefika kwapani. Daktari mmoja alisema miezi ile aliyochelewa haikubadilisha mengi. Mwingine hakusema hivyo. Familia imeacha kuuliza. Alifanyiwa upasuaji Juni, akafuatia na dawa za kemo hadi Desemba. Machi 2019 maumivu ya mgongo yalionyesha kwamba ugonjwa uko kwenye mifupa, kisha kwenye ini.

Kanisa lilituma ujumbe kwamba akitubu hadharani atarudishwa. "Nitubu kuwasukuma wazee?" aliuliza, akaomba afungiwe dirisha, kwa sababu alihisi baridi.

Mwezi wa Julai, Mwalimu Simiyu alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia kwamba yale aliyosema kwenye simu hayakuwa kweli, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma Elkana mkate asubuhi ile, na hakujua pa kuuweka uzito huo. "Nimekusikia, Baba Elkana," Moraa alisema. "Sasa nipe maji." Tangu siku hiyo Mwalimu ndiye aliyemnywesha, kwa kijiko, hadi mwisho.

Wiki yake ya mwisho ilikutana na vurugu za kuwashambulia wageni mjini. Maduka yalichomwa, Denise alifunga cherehani zake na kujificha kwa jirani, na muuguzi wa kumchoma mofini, dawa ya maumivu, hakuweza kufika Turffontein Jumatatu. Moraa aliteseka mchana wote, na hatutalipamba jambo hilo. Jioni mwana wa Bi Saroja alifika kutoka Lenasia na daktari wao wa familia, kwa barabara za kuzunguka, na mama yake akiwa kiti cha nyuma. Bi Saroja alikuwa amekatazwa kuja. Daktari alimchoma sindano, na Moraa akalala.

Moraa alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2019, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini. Mumewe alikuwa amemshika kichwa, Nafula amemshika mkono, na Bi Saroja ameketi miguuni pake. Alikuwa ameomba azikwe karibu na Elkana. Ndiyo sababu tuko Westpark leo, Jumamosi ya tarehe 14, na wala si Tabaka wala Bungoma. Tunamshukuru Mchungaji Octave, ambaye si wa kanisa letu, kwa kukubali kuongoza ibada hii wengine walipokataa.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Patroba Simiyu, binti, Nafula, mama mzazi, Mama Kerubo, ambaye afya haikumruhusu kupanda ndege, wadogo watano, na rafiki yake Denise. Kwa ombi la Mwalimu, jina la mwisho katika orodha ya wafiwa ni la Bi Saroja Pillay, mwenye miaka themanini na minne. Moraa alikuwa amemwahidi kwamba siku yake ikifika, yeye ndiye atakayemfumba macho. Jumanne ile, Bi Saroja ndiye aliyemfumba Moraa.

Mungu amlaze kwa amani, kando ya mwanawe.