Miaka Minne ya Kucheza Bila Kusikia Ngoma

Ndugu, majirani na wachezaji wenzake mliofika kumsindikiza, haya ndiyo maisha ya mke, mama, dada na mwalimu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Cherehani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962, mtoto wa tatu kati ya watano, katika chumba cha uani ambamo mama yake, fundi wa nguo, alikuwa akishona sare za shule. Kabla hajatimiza mwaka, mashine ilipoanza kunguruma naye alianza kurusha miguu, iliponyamaza, alilia. "Huyu sikumzaa, nilimshona," mama yake alikuwa akisema, na jina likamganda. Kingine kilichomganda ni woga. Aliogopa mbwa, radi, maji ya kina na mjomba wake mwenye jino la dhahabu. Familia haitamsingizia ushujaa leo eti kwa sababu hawezi kubisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, na sekondari hadi 1980. Alifaulu vizuri hesabu na upigaji chapa. Kwenye nafasi ya tabia, mwalimu mkuu aliandika: "Mtulivu kuanzia kiunoni kwenda juu."

Februari 1981 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya maji. Jioni alijiunga na kikundi cha tamthilia za muziki kilichofanya mazoezi katika ghala la zamani la karatasi, na huko akakutana na mpiga ngoma, mwanamume ambaye maneno yake ya wiki nzima yangetosha nyuma ya stempu. Wifi mtarajiwa alijaribu kumwonya kaka yake: "Huyu hatulii. Utamwona saa ngapi?" Kaka akajibu, "Nitamwona akipita." Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, na mwaka 1988 wakajaliwa binti.

Mwaka 1995 homa ya wiki tatu ilimwachia marehemu sikio moja. Mwaka 1997 na hilo likamfuata mwenzake. Daktari alimwandikia kwenye karatasi kwamba halitarudi. Alisimama kwenye ngazi za hospitali akaichana karatasi ile vipande vidogo vidogo, kana kwamba isiposomwa na mtu mwingine haitakuwa kweli. Ofisini aliaga akidai amechoshwa na wino. Kwenye kikundi hakusema neno. Kila alipofikiria kusema, aliliona jina lake likifutwa ubaoni. Wahenga walishasema juu ya mficha maradhi. Marehemu aliwaomba wahenga wasubiri kidogo.

Alijifunza kusoma midomo. Ngoma aliipokea kwa nyayo, kupitia mtetemo wa mbao za jukwaa, huku akihesabu kimoyomoyo. Kabla ya kila wimbo alichuchumaa akaweka kiganja sakafuni. Walipomuuliza ana nini, alijibu kwamba magoti yanamsumbua. Ulikuwa uongo mdogo, lakini ulikuwa na mimba.

Mwaka 1999 kikundi kilianza kuonyesha tamthilia yake kubwa, iliyohusu wachezaji na maisha yao. Kila mchezaji alijitokeza mbele, akasema jambo moja la kweli kuhusu maisha yake, kisha akalicheza peke yake. Mmoja alisema juu ya baba aliyemfukuza nyumbani, mwingine juu ya mimba iliyoharibika. Marehemu alisema anapenda viatu vyekundu.

"Ndio ukweli wako wote huo?" mwongozaji alimuuliza, mama asiyejua kupaka maneno mafuta.

"Vina visigino virefu," alijibu.

Tarehe 22 Septemba 2001 lilikuwa onyesho la mia. Mchezaji aitwaye Twiga alimshika mkono akampeleka jukwaani kabla pazia halijafunguliwa. "Dada, leo magoti yako yatatushukuru." Wenzake walikuwa wametandika zulia nene la sponji, ukuta hadi ukuta, kwa ajili yake. Walisimama wote wakitabasamu, naye akatabasamu. Alichuchumaa, akaweka kiganja. Sakafu ilikuwa imekufa.

Alitaka kusema. Pazia likafunguka, ukumbi umejaa pomoni. Zamu yake ilipofika alivitaja viatu vyekundu, kisha akangoja. Mumewe alikuwa nyuma yake, na dansi ile haikumruhusu kugeuka. Alibahatisha akaanza. Hatua ya nne, aliona midomo ya mstari wa mbele ikifunguka, na mtu mmoja akicheka. Alisimama katikati ya taa zote zile, asijue kama kuna muziki duniani au hakuna.

"Nimewadanganya," alisema. "Mimi sisikii. Nina miaka minne sijasikia ngoma hata moja. Nacheza kwa mbao, na mbao mmezifunika kwa wema wenu."

Akapiga magoti, akashika ukingo wa zulia na kuanza kulikunja. Hakuna aliyesogea. Kisha akaona mikono mingine ikishika kona ya pili: mumewe alikuwa ameiacha ngoma. Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo. Aliviona viganja vyao vikipigwa.

Nyuma ya jukwaa alijikunja kwenye kiti akingoja kufukuzwa. Mwongozaji alichukua rangi ya mdomo akaandika kwenye kioo: "Kesho useme hivyohivyo. Viatu nimevifuta."

Mumewe alimwambia polepole, ausome mdomo wake: "Nilijua tangu ulipoacha kunigombeza kwa kukoroma."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaogopa. Nikaona nipige kwa nguvu zaidi."

Alicheza hadi 2012, na alifundisha wanafunzi zaidi ya arobaini, kumi na mmoja kati yao viziwi.

Mwaka 2014 aligundulika kuwa na kisukari. Mwaka 2020 ganzi ilianzia vidoleni ikapanda taratibu hadi vifundoni. Siku moja aliutumbukiza mguu katika maji ya moto, akajua baada ya kuona ngozi imebabuka. Tangu hapo aliogopa kufumba macho hata mchana kweupe. "Nikifumba, dunia yote inaondoka," alimwambia binti yake. Familia ikapanga zamu, awepo mtu wa kumshika mkono wakati wote. Waliokuja kumwambia asiogope aliwajibu, "Ni rahisi kwako. Wewe jioni unarudi kwako."

Tarehe 3 Mei 2023, saa nne asubuhi, mumewe alikuwa amemwekea kiganja kifuani. Binti aliandika kwenye daftari: "Unaogopa?" Akasoma.

"Sana. Msiondoke."

Hawakuondoka. Akafumba macho mwenyewe.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, kaka mmoja, dada wawili, wifi aliyekubali hatimaye kwamba alikosea, na wachezaji wenzake wote. Mungu ampumzishe mahali pema, na asimwache peke yake.