Bluma Reiskin na Mtu wa Kumi

Leo, Alhamisi tarehe 2 Januari 2020, tunamzika Bluma binti Avrum, mjane wa Hyman Reiskin, aliyetuacha akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Wasifu huu aliagiza uandikwe na mdogo wake, Mendel, naye ndiye anayeusoma. Agizo lilikuwa fupi: "Usinipambe. Na ile habari usiiruke." Basi hatapambwa, na ile habari itafika kwa zamu yake.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 27 Oktoba 1938 hapa hapa Garnet Lake, kaskazini mwa Ontario, katika chumba cha juu ya duka la viatu la baba yake. Ilikuwa wiki ya Nuhu, yaani wiki ambayo gombo la Torati husomwa sinagogini penye habari za gharika. Maisha yake yote hakuitaja siku yake ya kuzaliwa kwa tarehe. Akiulizwa alisema, "Mimi wa Nuhu," yakaishia hapo.

Baba yetu ndiye aliyekuwa akihesabu watu Jumamosi asubuhi. Kwetu mtu hahesabiwi kwa namba kama kondoo wa mnadani. Huhesabiwa kwa aya ya zaburi yenye maneno kumi, neno moja kwa kichwa kimoja: Waokoe watu wako, ubariki urithi wako, wachunge, uwabebe hata milele. Neno la mwisho likipata mtu, wanaume wametimia kumi, kabati linafunguliwa na gombo linasomwa. Lisipopata mtu, gombo linabaki ndani, na mfiwa hawezi kuisema sala ya wafiwa. Miaka ile machimbo ya dhahabu yalikuwa yamenoga. Aya ilizunguka mara sita na bado watu walikuwa mlangoni wanapangusa theluji kwenye viatu. Bluma aliisikiliza kutoka roshani ya wanawake, akiwa na miaka sita, akihesabu pamoja na baba kwa vidole vya miguu.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari mjini hapa, kuanzia 1944 hadi 1956. Darasa la tatu, mwalimu alimpa nafasi ya Mariamu katika igizo la Krismasi, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kukariri. Mama alilia. Baba alifikiri kidogo akasema, "Mwacheni mtoto. Angalau safari hii Mariamu atakuwa Myahudi kweli." Alicheza, na inasemekana aliwasahihisha mamajusi jukwaani.

Septemba 1956 aliajiriwa kwenye ofisi ya simu, kuunganisha laini, kazi aliyoifanya miaka ishirini na mitatu; kisha akahamia ofisi ya manispaa mpaka alipostaafu mwaka 1998. Ofisi ya simu ndiyo iliyomfundisha mambo mawili: kujua nani yuko nyumbani, na kutokubali "hayupo" kwa jibu.

Alifunga ndoa na Hyman Reiskin, mwenye duka la misumari na rangi, Jumapili tarehe 12 Novemba 1961. Wiki hiyo husomwa jinsi Yakobo alivyotumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, asubuhi akajikuta na Lea. Watani hawakumwacha bwana harusi apumue. Alipoletwa amfunue bibi harusi shela, kama ilivyo desturi, Hyman alifunua, akatazama, akafunika, akafunua tena.

"Ni yeye," akawaambia. "Endeleeni."

"Na mimi je, nimwangalie yeye?" Bluma akauliza. "Maana mimi sijahakikishiwa."

Walijaliwa binti mmoja, Fruma, mwaka 1964.

Rabi wetu wa mwisho aliondoka mwaka 1983, na machimbo yalipofungwa vijana walifuata ajira kusini, kila mmoja akiahidi kurudi kwenye sikukuu. Hyman akawa ndiye mwenye kuhesabu. Aya ilizunguka mara mbili, kisha mara moja na nusu, kisha ikawa inafika mwisho kwa kusukumwa. Siku aliyofariki, tarehe 17 Februari 1999, alimkabidhi mkewe daftari la namba za simu. "Usiliache gombo likae kabatini, Bluma," alimwambia. Naye alimwahidi. Hilo ndilo lililokuwa deni la maisha yake, na kila alichofanya baada ya hapo kilifuata ahadi hiyo.

Kazi yake ilianza Jumatano. Kila somo la mwaka lilikuwa na kadi yake: nani alikuja mwaka jana, nani ana kumbukumbu ya mfu wiki hiyo, na chakula gani kitawatoa wazee kitandani. Wiki ya Esau kuuza urithi wake alipika dengu nyekundu. Wiki ya ng'ombe wa Farao waliokonda alichoma nyama iliyonona kweli, akisema waliokonda tunao wa kutosha humu ndani. Mwezi wa Januari, kwenye mwaka mpya wa miti, theluji ikiwa imefika madirishani, aligawa tende, tini na maganda ya karobu magumu kama soli, na wazee wakayatafuna kwa utii. Hanuka, sikukuu ya mishumaa ya siku nane, ndiyo ilikuwa fahari yake. Ijumaa ya siku hizo, jua likizama saa kumi na nusu, mishumaa ya Hanuka lazima itangulie ya Sabato, na viazi vya kukaanga viwe tayari kabla ya yote mawili. Alhamisi aliinua simu.

"Sid, Jumamosi nakutaka."

"Goti, Bluma. Goti limenikataa."

"Goti silihesabu, Sid. Nahesabu kichwa. Kilete."

Na Sid Lipovitz, ambaye leo ana miaka tisini, alikipeleka.

Fruma aliwahi kumwambia, "Mama, huko mijini wapo wanaohesabu wanawake siku hizi. Si ujihesabu wewe, upumzike na simu?" Bluma akajibu, "Mimi ndiye ninayehesabu. Anayehesabu hajihesabu." Hakuwa anatania. Alitaka iwe kama alivyohesabu baba yake, si vinginevyo.

Mwishoni mwa mwaka 2001 wakabaki tisa. Bluma akalipitia daftari la simu la mji mzima, jina kwa jina, mpaka akamkuta Leonard Krasner, dereva wa gari la kusukuma theluji.

"Wewe Krasner wa wapi?"

"Baba yangu alitoka Winnipeg, mama. Kuna barabara imeziba?"

"Baba yako alikuwa anakwenda sinagogi?"

"Alikuwa anagombana na watu wa sinagogi."

"Basi ni wetu. Njoo Jumamosi. Kuna viazi."

Len alikuja tarehe 15 Desemba 2001, akakaa kiti cha nyuma, akalipata neno la kumi. Tangu siku hiyo hakukosa. Aliusafisha mlango wa sinagogi kabla hatujaamka, gari lake akiliegesha mtaa wa pili ili sisi sote tujifanye hatukuliona, maana siku ya Sabato haliendeshwi gari. Alijifunza kuimba vibaya kama sisi. Tulimpenda, na tuseme hivyo waziwazi, kwa sababu inayofuata ndiyo ile habari.

Alhamisi tarehe 14 Desemba 2006, akinywa chai, Bluma alisoma gazetini tangazo la kifo cha Marie-Ange Krasner. Misa ingefanyika Jumatatu, na mwanawe Leonard alitajwa wa kwanza. Bluma alilisoma mara tatu. Kwetu mtoto hufuata mama. Mama akiwa Mkristo, mtoto si wa kuhesabiwa, hata baba awe nani. Kwa miaka mitano tulikuwa tisa na hatukujua. Hakuna aliyemuuliza Len habari za mama yake, na Bluma, aliyeuliza watu wote mambo yote, hakuuliza kwa sababu alihitaji jibu moja tu.

Mkono ulikuwa tayari kwenye simu. Lakini kadi ya wiki ile ilikuwa mezani, na kwenye kadi imeandikwa: Jumamosi, kumbukumbu ya mke wa Sid. Akisema, Sid hatamwombea mkewe. Akasema moyoni, nitasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya ndugu yake mwenyewe, kumwombea baba yao. Daima kulikuwa na mfu wa mtu. Alikata tangazo lile, akalibana kwa pini nyuma ya kadi ya Yusufu kuuzwa na nduguze, akanyamaza miaka kumi na mitatu. Mara moja tu, bila kulitaja neno kuongoka, alimdokeza Len, "Hujawahi kufikiria kwenda kwa marabi Toronto, ukae nao mwaka, wakusimamie?" Len akacheka. "Mimi nimeshafika, mama. Toronto nikafanye nini?" Bluma akamwongezea viazi.

Agosti 2019 aligundulika na saratani ya kongosho. Hakusumbua watu. Kutoka kitanda cha hospitali aliendelea kupiga simu kila Alhamisi, na sauti yake ilipokuwa ndogo ilitisha zaidi. Mwezi wa Oktoba alimwita Len peke yake akamwambia. Len aliiweka kofia mapajani.

"Miaka kumi na minane, mama," akasema. "Sasa mimi ni wa ngapi?"

"Wewe ni wa kwanza kufika," Bluma akamwambia. "Kila wiki."

"Hilo silo nililouliza."

"Najua mwanangu. Nisamehe."

Len ameturuhusu tuyasome haya mbele yake. Alisema, "Yasomeni. Nimechoka kuwa siri."

Jumapili tarehe 22 Desemba, jioni ya mshumaa wa kwanza wa Hanuka, Bluma alituita sote chumbani mwake. Kwa sababu ya mtungi wa oksijeni mishumaa ilikuwa ya betri, jambo lililomuudhi kuliko ugonjwa. Alitueleza yote, kuanzia gazeti mpaka pini. Sid alishika ukingo wa kitanda.

"Na Hannah wangu?" akauliza. "Miaka yote ile nilikuwa namwombea nani?"

"Ulikuwa unamwombea Hannah. Mkiwa tisa."

"Ungenyamaza tu, Bluma. Ungekwenda nayo. Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Nilifikiri ninawatunza, Sid. Kumbe nilitunza ahadi yangu, nikawanyima sala zenu. Na nikifa nani atapiga simu? Acheni angalau mjue mko wangapi."

Sid alitoka bila kuaga. Hakurudi hospitali. Tusimlaumu, mtu wa miaka tisini amenyang'anywa sala za miaka kumi na minane, atazipata wapi nyingine?

Jumamosi tarehe 28 Desemba, Sabato ya Hanuka, wanaume tisa walikuja sinagogini, na Len akaja, akakaa kiti chake cha nyuma, akafunga kitabu. Mendel aliisema aya. Ikakwama. Kabati halikufunguliwa, kwa mara ya kwanza tangu Hyman afariki, au kwa mara ya elfu moja, hesabu hiyo nani aifanye sasa. Tulisoma habari za ng'ombe waliokonda kutoka kwenye vitabu vya kawaida, kila mtu na chake, tukarudi nyumbani. Jioni dada yake aliuliza kwa simu, "Mlilitoa?" Mendel akasema hapana. Hakudanganywa. Angetaka kudanganywa, pengine, lakini uongo ulikuwa umekwisha.

Bluma Reiskin alifariki Jumanne tarehe 31 Desemba 2019, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Siku za Hanuka hazisomewi wasifu wa marehemu, na yeye alivuka siku ya nane ndipo akaenda. Mpanga ratiba alipanga mpaka mwisho.

Wasia wake kuhusu leo ulikuwa huu: Len asihesabiwe kaburini kwake. Wafu wa wengine aliwapa mtu wa kumi asiyekuwapo, yeye hakumtaka. Tuliwaomba wanaume wawili wa Sudbury, wakakubali, lakini barabara kuu imefungwa kwa theluji tangu jana saa tisa alasiri, na tumewangoja kwa saa mbili hapa makaburini tukitumaini itafunguliwa. Udongo uliopashwa moto siku nzima unaanza kuganda tena. Fruma alisema, "Nihesabuni mimi. Ni mama yangu." Wazee tukatazama viatu vyetu. Tungeweza. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo, na hilo nalo liandikwe.

Wiki hii husomwa jinsi nyumba ya Yakobo ilivyoshuka Misri, nafsi sabini, majina yote yametajwa. Bluma kila mwaka aliisikiliza orodha hiyo akinung'unika kutoka roshani: "Sabini! Angenikopesha mmoja."

Marehemu ameacha binti, Fruma wa Melbourne; wajukuu wawili wa kike, Tamar na Odelia; mdogo wake, Mendel; kadi hamsini na nne za masomo ya mwaka, ambazo hakuna aliyeomba kuzichukua; na Leonard Krasner, aliyeamka saa kumi alfajiri kutusafishia njia ya kufika hapa, na ambaye ndiye atakayeshika koleo, kwa kuwa koleo halihitaji hesabu.

Sid amekuja. Amesimama mwisho kule. Sasa tutahesabu, kama alivyotaka, kwa sauti, ili asikie.

Waokoe. Watu. Wako. Ubariki. Urithi. Wako. Wachunge. Uwabebe. Hata.

Sala ya wafiwa haitasemwa. Dada, lala kwa amani. Tuko tisa, na sasa tunajua.