Bwana Kontrakta

EDAH: Haloo? Ni Philemon huyo?

PHILEMON: Eeh, nani mwenzangu? Sauti inapotea—

EDAH: Ni Edah. Mke wa ndugu yako.

PHILEMON: Aah, mulamwa! Mulembe, shemeji.

EDAH: Mulembe. Niko huku Kakamega hospitali. Simu ni ya Sista Awinja, na kredo ni kidogo.

PHILEMON: Lazarus ameamkaje?

EDAH: Ameamka. Anaangalia ukuta. Philemon, barua iko wapi?

PHILEMON: Uchungu umepungua lakini?

EDAH: Barua ya kiwanda. Ulisema jana asubuhi, ukasema jana jioni. Daktari anasema mkono unaweza kuungwa Eldoret, bora kiwanda kiandike huyu ni mtu wetu, tutamlipia, kipige muhuri. Bila hiyo wanakata. Hapa kwa kiwiko.

PHILEMON: Shemeji, ngoja nitoke nje. Hapa kuna watu. [Mlango. Ngurumo za matrekta.] Unanisikia?

EDAH: Nasikia matrekta.

PHILEMON: Yamepanga foleni mpaka kwa barabara. Mwaka huu miwa imekubali, tunasaga bila kupumzika—

EDAH: Najua vile mnasaga.

PHILEMON: ...Pole. Sikumaanisha hivyo.

EDAH: Barua.

PHILEMON: Nimeangalia rejista. Ile ya walioandikwa. Jina yake haiko.

EDAH: Angalia kwa O. Osundwa Lazarus.

PHILEMON: Iko mpaka Machi. Halafu imepigwa laini.

EDAH: Miaka kumi na moja amelisha ile mashine miwa, mpaka juzi ikamshika mkono. Nani alipiga laini?

PHILEMON: Ni ile karatasi ya Machi, shemeji. Ya kontrakta.

EDAH: Hiyo ilikuwa cheo.

PHILEMON: Shemeji, sikiliza—

EDAH: Philemon. Hiyo ilikuwa cheo. Nilichinja ingokho, kuku mzima. Wewe ulikula kidari.

PHILEMON: Nilikula, eeh.

EDAH: Pasta alimsimamisha kanisani. Makhanu wa duka alikuwa anamuitanga Bwana Kontrakta, anamuuliza pikapu anaileta lini.

PHILEMON: Kontrakta kwao ni... ni mtu amejiajiri. Hajaandikwa na kiwanda. Akiumia, ameumia kwa kazi yake mwenyewe.

EDAH: Amejiajiri.

PHILEMON: Ndivyo karatasi inasema.

EDAH: Na king'ora kikilia, alikuwa anakimbilia kazi ya nani? Akichelewa dakika tano, Kiplagat msimamizi anamfokea. Mtu aliyejiajiri anafokewa na nani?

PHILEMON: Mimi sijui, shemeji. Mimi ni karani tu.

EDAH: Mwezi ule wa kwanza alikuja nyumbani akicheka. Akaniambia, Edah, sasa hawanikati kitu. Si ya hospitali, si ya uzeeni. Napokea yote, nzima. Nzima, alisema.

PHILEMON: Haloo? Umepotea kidogo—

EDAH: Sijapotea. Karatasi ililetwa nyumbani na nani?

PHILEMON: Shemeji...

EDAH: Nauliza tu. Sina hasira. Hata hasira siioni, naitafuta tu hivi.

PHILEMON: Mimi. Niliambiwa nipeleke kwa watu wa upande wetu, kwa sababu wananiamini.

EDAH: Uliisoma?

PHILEMON: Ilikuwa ndefu. Ya kizungu.

EDAH: Uliisoma, Philemon?

PHILEMON: ...Nilisoma.

EDAH: Na wewe ulitia sahihi yako?

PHILEMON: Watu wa ofisi hatukupewa.

EDAH: Sawa.

PHILEMON: Walisema mtu akikataa hataitwa tena! Ningefanya nini? Nikasema wacha afurahie hilo jina, angalau ana kazi. Shemeji? Uko?

EDAH: Niko. Sista amekuja na fomu.

PHILEMON: Fomu ya nini?

EDAH: Ya mkono. Ni mimi natia sahihi, maana yeye hawezi kushika kalamu. Kalamu alikuwa anashikia huo huo wa kulia.

PHILEMON: Usitie! Ngoja, niende kwa meneja mwenyewe, nimlilie—

EDAH: Ulikuwa bado hujaenda?

PHILEMON: Naenda sasa hivi, shemeji.

EDAH: Lazarus ananiuliza kama mmemwekea gambuti zake. Anasema Jumatatu atarudi. Nimwambie nini?

PHILEMON: Mwambie... mwambie ziko.

EDAH: Nitamwambia ndugu yako amesema ziko.

PHILEMON: Edah, nisomee hiyo fomu. Pole pole. Imeandikwa nini pale juu?

EDAH: Sasa ndio unataka isomwe.

PHILEMON: Tafadhali, shemeji—

EDAH: Simu inalia titi, kredo inaisha. Salimia watoto. Sista, nipe hiyo kalamu. Ni hapa chini?

PHILEMON: Edah, soma kwanza! Soma kwan— Haloo? Haloo?