Upepo Uliomtoroka Kiraka

Benchi lile liliegemea ukuta wa karakana ya matairi, na miaka ya kukaliwa ilikuwa imelilainisha kuliko randa ya seremala yeyote. Mwenye karakana alikuwa Kiraka, aliyeziba matairi miaka thelathini na moja, na asiyechoka kuwaambia watu kwamba upepo unamjua na unamwogopa. Kulia kwake alikaa Breki, dereva mstaafu wa malori, mtu ambaye hakuna jambo duniani asilolihusisha na mteremko. Kushoto alikaa Nusu Daktari. Huyu alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini mpaka akastaafu, na kwa kuwa alipanda lifti moja na madaktari, alijiona amesoma nao. Mama Birika alimimina kahawa, na ndiye peke yake aliyekuwa kazini saa zile. Alasiri hiyo, juu ya meza ya Kiraka, katikati ya pampu na vipande vya mpira, ilikuwa imelazwa bunduki ya upepo.

Aliyeileta ni binti wa dada yake. Kiraka alimwita Mpwa, na mtaa mzima ukafuata, hata watoto wasiomfika kiunoni. Alikuwa mlenga shabaha wa klabu, wale wanaosimama mita kumi kutoka kwenye karatasi yenye miduara na kushusha pumzi kabla ya kugusa kifyatulio. Kesho asubuhi alikuwa na mashindano yake makubwa ya kwanza. Bunduki ni mali ya klabu, na saa kumi na moja Mwalimu wao angepita kuichukua ikalale stoo na nyingine.

– Jana nimeijaza upepo mpaka mia mbili, – alisema Mpwa. – Leo sindano ya geji inasoma mia na sitini, na sijapiga hata risasi moja. Ikiendelea hivi, kesho upepo utaniishia katikati na risasi zitaanza kushuka. Mjomba, mdomo ukutani tafadhali. Haina kitu, nimeangalia mara mbili, lakini mdomo ukutani.

Kiraka aliugeuzia mtutu ukutani. Kilichomtisha hakikuwa mtutu. Wiki tatu zilizopita Mpwa alilalamika kwamba geji imekaa upande, haisomeki vizuri. Kiraka akaishika kwa koleo, akaifungua, akaona kile kipete cha mpira kinachoziba shina lake kimechoka. Ndani ya begi la bunduki mlikuwa na pakiti ya vipete vipya, na Mpwa alimwambia atumie hivyo. Kiraka akacheka. Akasema hivyo ni vya kuchezea watoto, akachukua tyubu ya lori, akakata kipete chake mwenyewe kwa mkasi. Na sheria ya klabu ilikuwa moja: mlengaji atakayeifungua bunduki bila ruhusa hapigi mashindano.

– Hilo jambo dogo, – alisema Breki, akipuliza kahawa yake. – Ni baridi. Upepo ni kama mtu, usiku unajikunja.

– Unajikunja kidogo, Mzee Breki. Si arobaini.

– Haba na haba hujaza kibaba.

– Hiyo ni ya kujaza, – alisema Mama Birika. – Hii inapungua.

– Kwani kibaba kikishajaa hakimwagiki? Methali lazima uisome mpaka mwisho wake.

Kiraka, ambaye siku nyingine angemrukia Breki kabla hajafunga mdomo, aliitikia kwa kichwa. – Baridi si ya kudharau, – alisema.

Nusu Daktari alikohoa kikohozi cha kuomba nafasi.

– Mnapapasa tu. Hii ni presha ya kushuka. Mgonjwa wa presha ya kushuka humwoni kidonda, humwoni damu, unamwona tu anapungua. Dawa yake ni chumvi.

– Tuilambishe bunduki chumvi? – aliuliza Mama Birika.

– Sijasema kuilambisha. Kuna namna.

– Geji yenyewe inadanganya, – alisema Breki. – Lori langu la mwisho lilikuwa na geji ya mafuta iliyosoma nusu tangi miaka miwili. Nusu nikipanda, nusu nikishuka mteremko, nusu nikiwa nimezima barabarani. Upepo umo humo humo, nakwambia. Sindano ndiyo imekata tamaa.

– Inawezekana kabisa, – alisema Kiraka.

– Au tuseme ni upepo wenyewe, – aliendelea Breki, sasa amenogewa. – Wewe Mpwa umejazia wapi?

– Klabu. Ghorofa ya pili.

– Umeona? Upepo wa ghorofani ni mwepesi. Umeuleta huku chini, umekandamizwa na upepo mzito wa barabarani, lazima usinyae.

– Mimi naona kuna kidudu, – alisema Nusu Daktari, maana hakupenda kuachwa nyuma. – Kimeingia mle ndani na kinapumua. Usiku kucha kinavuta upepo wetu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kiraka alimeza kahawa vibaya, ikamkwama kooni. Breki akampiga mgongoni mara mbili.

– Hilo la kidudu, – alisema alipopata sauti, – si la kupuuza.

Mama Birika aliliweka birika chini, akamtazama.

– Kiraka, unaumwa? Miaka yote hii sijakusikia ukikubaliana na mtu hapa, leo umekubali baridi, geji na kidudu.

Kiraka alimtazama Mpwa, na Mpwa alikuwa anatazama sakafu. Binti alijua. Alijua tangu alipoiona sindano asubuhi, na bado alikuja na bunduki hapa badala ya kuipeleka kwa fundi wa klabu, kwa sababu fundi wa klabu angeuliza. Alikuwa anamlindia mjomba wake jina, na alikuwa tayari kulilipia kwa mashindano yake. Kiraka aliona aibu iliyomchoma masikio.

– Leteni sabuni, – alisema, akasimama.

Alitaka kwanza beseni la maji, kama anavyofanya kwa tyubu, aizamishe nzima aone mapovu yanatoka wapi. Mpwa akaikumbatia bunduki kama mtoto mchanga. Maji yakiingia kwenye vyuma vya ndani, alisema, hata kesho kutwa haipigi. Basi Kiraka akakoroga sabuni kwenye kikombe mpaka ikawa povu zito, akachukua brashi ndogo.

– Mdomo wa mtutu ndio wa kwanza, – alisema Mpwa. – Kama upepo unatokea pale, basi ni vali ya ndani, na hapo hatuna letu.

Nusu Daktari alitoa mfukoni glavu ya mpira. Hakuna aliyeuliza kwa nini mstaafu anatembea na glavu. Wakakata kidole kimoja, wakakivisha kwenye mdomo wa mtutu, wakangoja. Kama vali inavuja, kidole kingevimba. Wakanywa kikombe kimoja kizima na kidole kikabaki kimelegea.

– Mgonjwa hapumui kwa mdomo, – alitangaza Nusu Daktari. – Andikeni hivyo.

Kiraka alipaka povu kwenye tundu la kujazia. Kimya. Akapaka kwenye maungio ya silinda. Kimya. Kisha akapaka kwenye shina la geji, taratibu, mkono umenyooka, ingawa alishajua atakachokiona. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu povu likajinyanyua mahali pamoja, kiputo kidogo kuliko punje ya mtama, kikakua, kikapasuka. Kikaja kingine.

– Huyo hapo, – alisema Breki. – Kwanza nani aliyefunga hapo? Huyo ni fundi wa njaa.

– Huyo si fundi, – alisema Nusu Daktari. – Huyo angekuwa hospitalini angemfunga mtu bandeji juu ya kiatu.

– Mtu wa namna hiyo hata baiskeli simpi.

– Ni kweli, – alisema Kiraka kwa upole. – Hata mimi nisingempa.

Alinyoosha mkono kuchukua koleo. Mpwa akauzuia.

– Bado, Mjomba. Kwanza upepo wote utoke. Ukifungua hapo na mia na sitini ndani, hiyo geji itatoka na jicho la mtu.

Akakivua kile kidole cha glavu, akaushika mtutu kuelekea ukutani, akaikoki na kuifyatua tupu, mara nyingi, mpaka sauti ikafifia na sindano ikalala sifuri. Kisha akachukua spana ndogo kutoka kwenye begi, iliyokaa sawasawa kwenye nati ya geji, akamkabidhi mjomba wake. Kiraka alifungua. Kipete kikatoka. Kilikuwa cheusi, kimevimba upande mmoja, na ukingo wake ulikuwa umechanikachanika pale mkasi ulipopita.

Breki alikichukua akakinusa.

– Huu si mpira wa tyubu?

– Tyubu ziko nyingi duniani, – alisema Kiraka.

– Tyubu ya lori hii. Nimelala nazo miaka ishirini, naijua harufu yake. Sasa nani mwenye akili timamu? Tairi la lori linabeba upepo wa nane, ukizidi sana tisa. Hapa pamebeba mia mbili. Ni sawa na kuzuia lori kwenye mteremko kwa ndala.

Mama Birika alimmiminia Kiraka kikombe kingine bila kuombwa, na Kiraka akajua kwamba yeye ameshaelewa.

– Mficha uchi hazai, – alisema Mama Birika, kana kwamba anaongea na birika.

– Sasa uzazi umeingiaje hapa? – aliuliza Nusu Daktari. – Hilo ni la wodi nyingine.

Mpwa alichagua kipete kipya kwenye pakiti. Breki akaleta kopo la grisi ya gia, akisema hii imevusha malori jangwani. Mpwa akalisukuma pembeni kwa heshima. Grisi ya gari na upepo uliobanwa kiasi kile, alisema, vikikutana huweza kuwaka humo humo ndani. Alikuwa na kikopo chake kidogo cha grisi ya silikoni, isiyowaka. Akakipaka kipete tone dogo, akakivisha kwenye shina la geji bila kukisokota, na Kiraka akakaza. Safari hii hakukaza kwa nguvu za kuonyesha watu. Alikaza mpaka vidole vikamwambia basi, na geji ikakaa wima, inasomeka kama saa ya ukutani.

Wakaijaza kwa pampu ya mkono ya bunduki, aliyokuja nayo Mpwa. Breki alipiga mikupuo kumi akakumbuka mgongo wake. Nusu Daktari alipiga minane akajipima mapigo ya moyo. Iliyobaki aliipiga Kiraka, fulana imemganda mgongoni, mpaka mia mbili. Muda si mrefu sindano ikashuka hadi mia na tisini na tano.

– Inavuja, – alisema Breki kwa furaha.

– Inapoa, – alisema Mpwa. – Ukiujaza upepo unapata moto. Ukipoa unashuka kidogo, halafu unatulia.

– Si nilisema? Nilisema baridi tangu mwanzo.

Wakakaa kuitazama. Watu wanne na mama wa kahawa, wote wameinamisha vichwa, na wapita njia walidhani kuna msiba. Nusu saa, mia na tisini na tano. Saa nzima, mia na tisini na tano. Kiraka alipaka povu tena, likakaa pale limelala bila hata kiputo kimoja. Mpwa alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Kiraka alijivuna. Alijivunia mikono ya yule binti, ambayo haikuharakisha kitu chochote alasiri nzima.

Baada ya hapo sifa zikagawanywa. Breki alikumbusha kwamba yeye ndiye aliyeutambua mpira. Nusu Daktari alisema bila glavu yake wangekuwa bado wanabahatisha. Walikuwa wanabishana nani hasa ameiokoa bunduki pale Mwalimu wa klabu alipofika, mwanamke mfupi mwenye daftari kwapani. Alisalimia, akaitazama sindano, kisha akainama karibu na geji. Nati ilikuwa na mikwaruzo miwili inayong'aa, ya meno ya koleo. Ilikuwa ya wiki tatu na bado haijafifia.

– Nani ameifungua hii? – aliuliza.

Breki aligundua kwamba kikombe chake kinahitaji kutazamwa. Nusu Daktari akakunja glavu yake, akairudisha mfukoni. Mashujaa wote waliokuwepo dakika moja iliyopita hawakuonekana tena.

Mpwa alishusha pumzi, ile ile ya kabla ya kugusa kifyatulio, na Kiraka akaona midomo yake inafunguka kusema mimi.

– Ni mimi, – alisema Kiraka, akamtangulia. – Nimeifungua mara mbili. Ya kwanza, wiki tatu zilizopita, nikaweka tyubu ya lori nikaiharibu. Huyu aliniambia niweke kipete cha kiwandani, nikamcheka. Leo nimeweka alichosema yeye.

Breki alifungua mdomo, akaikumbuka ile baiskeli, akaufunga.

Mwalimu alimgeukia Mpwa. – Ni kweli?

– Ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyemkabidhi, Mwalimu. Na sikusema.

– Hilo tutaliongea mimi na wewe baada ya mashindano, na halitakuwa fupi. – Aligonga geji kwa ukucha, sindano haikutikisika. – Imetulia tangu saa ngapi?

– Tangu saa tisa na nusu, – alisema Kiraka. – Haijashuka hata unywele.

Mwalimu alifungua daftari, akaandika tarehe na namba ya bunduki, kisha akasimamisha kalamu.

– Hapa panataka aliyeiharibu na aliyeitengeneza. Niandike nani?

– Andika Kiraka, – alisema Breki haraka, akijaribu kusaidia. – Mji mzima unamjua.

– Hapana, – alisema Kiraka.

Alifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima kama anayeitwa mbele ya watu. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu, polepole, ili Mwalimu asikosee hata herufi. Kisha akamwomba ayaandike mara mbili, pale kwenye uharibifu na pale kwenye matengenezo, na akasimama hapo hapo mpaka akaona yameandikwa.