Sifuri Iliyowekwa Ndani ya Moshi

Papa Célestin Nsabimana alizaliwa Rutshuru tarehe 3 Mei 1961, mtoto wa tatu wa Ntirenganya na Athanasie. Alisoma primaire, shule ya msingi, kwao, akashuka Goma kwa masomo ya juu, na mwaka 1986 akapata diploma ya fizikia. Alimwoa Perpétue Mahoro tarehe 12 Agosti 1989. Siku hiyo alichelewa kanisani kwa sababu alisimama njiani kupima joto la tanuru la matofali, na Mama hajaacha kumsema mpaka leo.

Volkano ya Januari 2002 ilikula nyumba yao ya mtaa wa Majengo, hapa Goma. Tangu hapo akawa mutu wa moshi. Alikuwa na mashine ndogo ya laser: mwanga mwembamba unapita ndani ya moshi, chembe zinautawanya, na mashine inasoma mwanga uliotawanyika. Alipima magari, jenereta, majiko ya makala, yaani makaa. Wamama walimcheka: “Muzee, machozi yetu haitoshe?”

Sasa tuseme ukweli, ingawa tunaona haya. Novemba 2012 waasi walipoingia mjini, watu walijificha katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Katoyi, jenereta mlangoni, makala yakiwaka ndani. Mashine ile huwekwa sifuri nje, penye hewa safi. Papa aliiweka sifuri mule ndani, kwa hiyo ikauhesabu moshi kuwa hewa safi. Akatangaza, “Iko muzuri, mulale.” Mama Kasoki, jirani mwenye pumu, alikuwa amefunga mizigo kwenda kwa dada yake Munigi. Alimwamini, akabaki. Siku ya nne akafariki.

Papa hakupima tena. Alipougua ini, ugonjwa uliomchukua tarehe 9 Juni 2024, aliomba jambo hili lisomwe kaburini. Watoto wakakataa: “Papa, tukuvue nguo mbele ya watu?” Akajibu, “Musome.”

Ila kuna jambo aliloficha, na Clotilde, binti yake anayesoma haya, amelinyamazia karibu miaka kumi na miwili. Siku ile ya ukumbini Papa alikuwa ameshatoka nje na mashine mkononi, aiweke sifuri. Clotilde ndiye aliyelia mlangoni, “Papa, ingia! Masasi!” maana risasi zilikuwa zinalia. Akarudi ndani kwa ajili yake, na hakumtaja kamwe. Watoto wa Mama Kasoki, mulioketi hapa, hasira yenu iwe kwa Clotilde. Anaomba musamaha kwenu, akisimama.

Papa ameacha mjane Perpétue, watoto Clotilde, Gradi na Héritière, na wajukuu wanne. Mungu ampe Papa amani ambayo mutoto wake alimnyima.